"Hata lini?": utakatifu wa Mungu, haki yake na mahubiri yetu ya siku za mwisho hapa Kigoma

#1 Mwana wa Gungu (mleta uzi)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Na majirani zangu Waislamu wa Ujiji mnaopita humu, asalaam aleikum, karibuni pia, maana Siku ya Kiyama kwenu ni nguzo ya imani.

Nina jambo kuhusu siku za mwisho na nitaandika kirefu. Atakayechoka aweke alama arudi baadaye.

Kiangazi kikishika, mikutano ya injili inaanza viwanjani Kigoma nzima, kuanzia Mwanga na Katubuka mpaka Kasulu na Kibondo. Mimi ni mhudhuriaji, na mingi nimeimba kwaya. Ikifika zamu ya somo la mwisho wa dunia, uwanja unajaa kuliko siku nyingine zote. Na somo huwa ni lilelile: chipu chini ya ngozi, namba ya kitambulisho, chanjo, vita vya Mashariki ya Kati, mpinga-Kristo safari hii ni nani. Wanaohubiri ni watumishi wanaompenda Mungu, sina ubaya nao. Lakini msikilizaji anatoka pale akiwa na hofu ya mashine, na kesho yake alfajiri yuko mwaloni Kibirizi anapima dagaa kwa ndoo iliyobonyezwa kitako ili ipokee pungufu. Katika yote aliyoyasikia usiku ule, hakuna lililoigusa ndoo yake.

Mimi nasema ndoo ile imo kabisa ndani ya mada ya siku za mwisho. Naomba mnifuate taratibu.

Mnyama wa 666 anatokea Ufunuo sura ya 13. Huko nyuma, sura ya 4, Yohana akiwa kisiwani Patmo anaonyeshwa kwanza kiti cha enzi, na wenye uhai wanne wasiopumzika mchana wala usiku: "Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu, ni Bwana Mungu Mwenyezi, aliyekuwako na aliyeko na atakayekuja." Wimbo wa namna hiyo Isaya alishausikia hekaluni mwaka ule aliokufa mfalme Uzia, akapiga kelele, "Ole wangu! kwa maana nimepotea." Angalieni alichokitaja mara tu alipouona utakatifu: midomo michafu, ya kwake na ya watu anaokaa kati yao. Alijiona yeye na mtaa wake.

Sasa njoo sura ya 6, muhuri wa 5 wa kile kitabu anachokifungua Mwana-Kondoo. Chini ya madhabahu kuna roho za waliochinjwa kwa ajili ya neno la Mungu, nazo zinalia: "Ee Mola, Mtakatifu, Mwenye kweli, hata lini kutokuhukumu, wala kuipatia haki damu yetu, kwao hao wakaao juu ya nchi?" (6:10). Wanamwita Mtakatifu, na papo hapo wanamdai hukumu. Utakatifu wake ndio wanaousimamia katika madai yao. Hakimu wa duniani anaweza kuchoka, anaweza kupewa kitu mkononi, anaweza kuhamishwa kituo na faili lisionekane tena. Huyu ni Mtakatifu, kwa hiyo hana namna ya kuizoea damu ya mtu.

Na mambo yote ya kutisha yanayofuata, baragumu na vitasa, yanakuja nyuma ya kilio hicho. Sura ya 8 inaeleza waziwazi: maombi ya watakatifu yanapanda pamoja na moshi wa uvumba, ndipo malaika anajaza chetezo moto wa madhabahu na kuutupa juu ya nchi. Sura ya 16, maji yanapogeuka damu, malaika wa maji anasema, "Wewe u mwenye haki, uliyeko na uliyekuwako, Mtakatifu, kwa kuwa umehukumu hivi." Na madhabahu, palepale walipokuwa wakililia, inaitika: "Naam, Bwana Mungu Mwenyezi, ni za kweli, na za haki, hukumu zako."

Isaya 5:16 inaliweka jambo lote katika mstari mmoja: "Bali BWANA wa majeshi ametukuzwa katika hukumu, na Mungu aliye Mtakatifu ametakaswa katika haki." Ndiyo maana Zaburi ya 96 inaiambia miti ya mwituni iimbe kwa furaha kwa kuwa Mungu anakuja kuihukumu nchi. Aliyeonewa akisikia Hakimu anakuja, anafurahi. Swali la kujiuliza ni kwa nini sisi tukisikia tunaogopa tu.

Nishuke Ujiji. Watalii wanakuja kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na wengi wanaondoka na habari ya ile salamu. Livingstone alikuwa amerudi Ujiji akiwa mgonjwa na amevunjika moyo, kwa sababu Julai ya mwaka huohuo, sokoni Nyangwe kwenye mto Lualaba, aliona watu wa misafara ya watumwa wakiwamiminia risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Njia ya misafara kutoka hapa kwetu ilipita Tabora ikashukia Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000. Ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watu. (Kwa haki lisemwe na hili: wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliojiajiri kwa ujira wao. Lakini njia hiyohiyo waliipita pia waliofungwa minyororo.) Kisheria utumwa ulikomeshwa Tanganyika mwaka 1922. Wale waliouzwa, wengi wao hawana kaburi linalojulikana wala jina lililoandikwa, na waliowauza walizeeka na mali yao.

Someni Ufunuo 18:11-13. Babeli inaanguka na wafanyabiashara wanalia kwa kuwa hakuna tena wa kununua bidhaa zao. Orodha inaanza na dhahabu na fedha, inapita kwenye hariri, kwenye vyombo vya pembe za ndovu, kwenye mdalasini, ngano, ng'ombe, kondoo, na mwisho kabisa: "na miili na roho za wanadamu." Pembe za ndovu na watu katika orodha moja ya biashara! Mtu wa Ujiji akisoma hapo anaijua biashara hiyo ilipita barabara gani. Na Mungu ameiweka katika kitabu cha hukumu karne nyingi kabla ya msafara wa kwanza kufika ziwani. Basi kuna hesabu ambayo haijafungwa, hata kama mahakama zote za dunia zimeifunga.

Lakini tusikimbilie kufurahi. Amosi alitabiri siku za Uzia huyohuyo, biashara ikiwa nzuri na ibada zimejaa. Watu walikuwa wanaitamani siku ya BWANA, wakijua itawapiga jirani zao. Akawaambia: "Ole wenu ninyi mnaoitamani siku ya BWANA! ... Ni giza, wala si nuru." Na mashtaka yake ni nini? Sura ya 8: wanaisubiri sabato iishe wakauze nafaka, wakipunguza kipimo, wakiongeza bei, wakidanganya kwa mizani ya udanganyifu. Walawi 19 ndiyo ile sura inayofunguliwa kwa "Mtakuwa watakatifu kwa kuwa mimi BWANA, Mungu wenu, ni mtakatifu." Shuka nayo mpaka mwisho, mstari wa 35 na 36, utakuta mizani za haki, mawe ya haki, efa (kipimo cha nafaka) ya haki. Kwa Mungu, ndoo ya dagaa ni suala la utakatifu. Petro naye anasema hukumu inaanza katika nyumba ya Mungu.

La mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Anayeketi kuhukumu ni Mwana-Kondoo anayeonekana kama amechinjwa (5:6). Alishtakiwa usiku, akaletewa mashahidi wa uongo, akahukumiwa na mtu aliyejua hana hatia na akanawa mikono. Hakimu wa siku ya mwisho anajua uonevu unavyouma mwilini. Na msalabani, anasema Paulo katika Warumi 3:26, Mungu alionyesha haki yake, ili awe mwenye haki na mwenye kumhesabia haki yeye amwaminiye Yesu. Hakuiweka haki pembeni ili atusamehe. Alilipa.

Naomba tujadili. Wa madhehebu yote, kwa adabu.

#2 Binti Urambo

Mwangaluka wakuu, nipo Tabora. Kaka, umenigusa penye kidonda.

Baba yangu ni mkulima wa tumbaku. Anakata kuni, anakesha kwenye bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, moto usizidi wala usipungue, mama na sisi tunapanga majani kwa rangi na ukubwa. Siku ya soko robota (furushi la tumbaku) linafunguliwa, mteuzi, yule anayepanga madaraja, anavuta majani machache, anayaangalia chini ya dakika moja, anataja daraja. Daraja likishuka, mwaka mzima umeshuka, na deni la pembejeo liko palepale. Kuna msimu baba aliuliza kwa nini jani linalofanana na la jirani limepewa daraja la chini. Akajibiwa kama hataki arudi nalo nyumbani. Alirudi nalo mpaka getini, akasimama, akageuka, akakubali. Nilikuwa nimeshika upande mmoja wa robota.

Jioni ile baba alisali Luka 18, mjane na kadhi dhalimu: "Nipatie haki na adui wangu." Mzee mmoja wa kanisa alimwambia Mkristo haombi hivyo, Mkristo anasamehe. Baba akanyamaza, na mpaka leo hajaomba tena hivyo mbele za watu. Naomba mnisaidie. Ni halali Mkristo kulia "Hata lini?" au ni kukosa upendo?

#3 Mwinjilisti wa Buhigwe

Bwana asifiwe. Ndugu mleta uzi, nimekusoma neno kwa neno, na mimi ni mmoja wa hao wa viwanjani.

Nakubali mengi. Ila nina angalizo mbili na nazisema kwa uchungu. Kwanza, chapa ya mnyama imo ndani ya Biblia, unyakuo, waamini kunyakuliwa kumlaki Bwana hewani, umo (1 Wathesalonike 4), dhiki kuu imo. Hatujazitunga. Tukiacha kuonya, damu ya watu itatakwa mikononi mwetu, kama Ezekieli 33 inavyosema kuhusu mlinzi. Nimeona watu wakitupa hirizi usiku mmoja kwa sababu waliogopa, na wengine leo ni wazee wa kanisa. Usiidharau hofu ya Mungu.

Pili, tukigeuza hukumu ya mwisho kuwa habari ya ndoo na mizani na daraja la tumbaku, tutaishia kwenye siasa. Mtu atadhani shida yake ni mteuzi wa tumbaku, kumbe shida yake ni dhambi yake mwenyewe inayompeleka motoni. Paulo hakuzunguka Asia kupigania bei.

#4 Mwana wa Gungu

Mtumishi, asante kwa kuja. Hofu ya Mungu siidharau hata kidogo, Isaya mwenyewe alitetemeka. Ninayoipinga ni hofu ya vitu.

Chukua chapa yenyewe. Ufunuo 13:17 inasema asiye nayo hawezi "kununua wala kuuza". Mstari unaofuata baada ya 666 ni 14:1, watu wenye jina la Mwana-Kondoo na jina la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Kwa hiyo alama ziko mbili, na swali ni unamwabudu nani, hasa pale ibada inapokugharimu soko. Anayepunja mjane kwa ajili ya faida ameshajibu swali hilo bila chipu yoyote.

Na hofu ya vitu ina historia yake, nayo imejaa makaburi. Kanungu, Uganda, 17 Machi 2000: watu waliambiwa dunia inakwisha, wakafungiwa kanisani, wakateketea kwa mamia. Shakahola, Kilifi, 2023: watu waliambiwa wafunge chakula wakamlaki Yesu, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, watoto wakiwamo. Marekani nako, William Miller alihesabu miaka ya Danieli na wafuasi wake wakamngoja Bwana 22 Oktoba 1844, wengine mazao yao yakiwa yameachwa shambani. Yesu alishasema, "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira" (Matendo 1:7).

Kuhusu siasa: Yohana Mbatizaji alihubiri ghadhabu itakayokuja, shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti. Watu wakamuuliza, "Tufanye nini basi?" Akawajibu watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari wasidhulumu mtu wala kushitaki kwa uongo (Luka 3). Hiyo ndiyo mahubiri ya siku za mwisho, na bei imo ndani yake. Dhambi inayompeleka mtu motoni mara nyingi ina jina la jirani yake.

Dada wa Urambo, swali lako nitalijibu, naomba kwanza wengine waseme.

#5 Msomaji wa Heri

Sabato njema kwa watakaosoma Jumamosi. Mimi ni Mwadventista.

Mkuu, nyongeza kidogo kuhusu 1844. Miller alikuwa Mbaptisti, na kanisa letu liliundwa rasmi 1863. Waliobaki baada ya uchungu ule walirudi kwenye Maandiko, wakaona kwamba siku ile ilihusu patakatifu pa mbinguni, na hapo ndipo tunapofundisha hukumu ya upelelezi, yaani vitabu vya matendo ya watu kupitiwa mbinguni kabla Yesu hajarudi. Najua wengi humu hamkubaliani nayo. Lakini kuna kitu ndani yake kinachokwenda sawa na uzi huu: Mungu anafungua vitabu (Danieli 7:10, Ufunuo 20:12). Yeye anajua yote, hahitaji kusoma. Vitabu vinafunguliwa ili viumbe wote waone kwamba alichoamua ni haki. Mwenye mamlaka yote anakubali hukumu yake itazamwe. Kiongozi gani wa duniani anakubali hilo kwa hiari?

Kuhusu moto, sisi tunasoma Malaki 4, waovu wanakuwa majivu, wanakwisha. Mungu hatamtesa mtu milele na milele kwa dhambi za miaka 70.

#6 Katekista wa Kasulu

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu Msomaji, Bwana wetu anasema "adhabu ya milele" na "uzima wa milele" katika mstari mmoja, Mathayo 25:46. Kanisa halijawahi kuvitenganisha. Ila nisiuvute uzi huko.

Niongeze la kwetu. Tunafundisha hukumu mbili. Mtu akifa, anahukumiwa nafsi yake palepale. Halafu mwisho wa dunia, hukumu ya wote. Wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, huniuliza, kama ameshahukumiwa, ya pili ya nini? Nawajibu kwamba tendo la mtu haliishi siku anapozikwa. Aliyedhulumu shamba la mjane akafa, watoto wa mjane wanakosa shule, wajukuu wanakuwa vibarua kwenye ardhi ya babu yao. Uovu unaendelea kutembea duniani mwenyewe akiwa kaburini. Wema nao vivyo hivyo. Siku ya mwisho ndipo kila tendo litaonekana mpaka ncha yake ya mwisho. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa 2007 kuhusu tumaini, aliandika kwamba neema haifuti haki: watenda maovu hawataketi karamuni pamoja na waliowaumiza kana kwamba hakuna lililotokea. Na toharani tunaielewa hapo, kwamba aliyesamehewa bado anatakiwa atakaswe, maana anakwenda mbele ya Mtakatifu.

#7 Mama Fizi

Wapendwa, nawasalimu. Mimi ni Mkongomani, kwetu ni Fizi. Tulivuka ziwa wakati wa vita, niko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi sasa. Nimewasoma wote. Nyinyi mna elimu ya Biblia, mimi nina swali.

Usiku walipokuja kijijini kwetu walichoma nyumba. Wanangu wawili walikuwa ndani. Mmoja wa wale waliokuja namjua, alikuwa jirani, mama yake alinikata kitovu cha mtoto wangu wa kwanza. Sasa watu wanaofika hapa kambini wananiambia ameokoka. Anaimba kwaya. Anatoa ushuhuda kwamba Yesu amemfutia yote.

Mnasema Mungu ni Mtakatifu na mwenye haki. Kama yule ametubu kweli, amesamehewa kweli, basi haki ya wanangu iko wapi? Nitamkuta mbinguni anaimba, nami nikae karibu naye? Mchungaji wangu aliniambia nisiulize hivyo. Nauliza hapa.

#8 Mwana wa Gungu

Mama, shikamoo. Nimesoma maneno yako nikakaa muda mrefu bila kuandika. Pole ni neno dogo, lakini ndilo nilionalo la kuanzia. Na swali lako ni halali kabisa. Abrahamu alimuuliza Mungu uso kwa uso, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?", na Mungu hakumkemea.

Naomba Mzee wa Sikonge aliyemo humu ajibu kabla yangu. Mzee wangu, ukiwa macho.

#9 Mzee wa Sikonge

Marahaba kwa vijana, na salamu kwa mama. Mimi ni Mmoraviani, nimezika watu wengi kama mzee wa kanisa. Nitasema machache.

Mama, mtu akisema Yesu amemfutia yote, kisha hajakanyaga mlangoni kwa aliyemuumiza, mimi sina haraka ya kumwita ametubu. Zakayo alipookoka alisimama akasema, nimlipe mara nne. Hakusubiri aitwe. Watoto hawalipiki, hilo najua. Lakini kuna kuja, kuna kupiga magoti, kuna kusema mbele za watu "mimi ndiye niliyefanya", kuna kukubali mkono wa sheria. Akija hivyo, hapo tutazungumza habari ya toba. Asipokuja, Mungu anaijua nyimbo yake ni ya namna gani. Alishasema kwa Amosi, "Niondoleeni kelele ya nyimbo zenu."

Na kama ametubu kweli, haki ya wanao haijapotea. Msamaha wa Mungu umepita katika damu ya Mwanawe. Kilichofanywa nyumbani kwako usiku ule kimehesabiwa kuwa kinastahili kifo, na kifo kimetokea. Mungu hakusema ni jambo dogo.

Lakini hayo yote ni upande wa yule mtu, na wewe umeuliza ya wanao. Sisi Wamoraviani alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini kabla jua halijatoka, tunaimba katikati ya makaburi ya watu wetu mpaka kunapambazuka. Utaratibu huo ulianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, nasi tunaushika mpaka leo. Tunakwenda kwa sababu haki ya Mungu ina jambo ambalo hakimu yeyote duniani hawezi. Hakimu anaweza kumfunga aliyeua, hawezi kumrudisha aliyeuawa. Siku ile, inasema Ufunuo 20:13, bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake, na mauti na kuzimu zitawatoa wafu wao. Ziwa hili litawatoa waliozama wakivuka usiku kuja huku. Moto utawatoa waliokuwa ndani yake. Wanao watasimama, mama. Bila hilo, adhabu yoyote atakayopewa yule mtu isingekutosha.

Kama utakaa karibu naye au la, sijui namna Bwana atakavyopanga, ila nina hakika hataketi pale akiwa hajui alichokufanyia. Mbele ya Mtakatifu hakuna atakayejificha katika kwaya.

#10 Binti Urambo

Nalia. Mama, Mungu akutunze.

#11 Mwana wa Gungu

Mzee wangu, asante sana.

Nirudi kwa dada wa Urambo maana nilimuahidi. Baba yako alisali sawasawa. Yesu mwenyewe ndiye aliyetoa mfano ule wa mjane, na aliumaliza na siku za mwisho: "Walakini, atakapokuja Mwana wa Adamu, je! Ataiona imani duniani?" (Luka 18:8). Imani anayoizungumzia pale ni ya mtu anayeendelea kudai haki kwa Mungu mchana na usiku bila kuchoka. Anayelia "Hata lini?" ameikabidhi kesi kwa Mungu, hajaishika panga. Warumi 12:19, "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Mtu asiyeamini hukumu ya mwisho ana sababu zote za kulipiza leo usiku. Kwa hiyo kilio kile na msamaha vinakaa pamoja katika moyo mmoja: unamsamehe mteuzi, na unamwomba Mungu ausimamishe uonevu wake. Mwambie baba asali tena mbele za watu. Na wenye kujua haki zenu kwenye chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, daini kwa maandishi pia. Mjane yule alikwenda mpaka mbele ya kadhi.

#12 Mama Fizi

Mzee, nimesoma jibu lako mara nyingi, nimemsomea na binti yangu aliyebaki. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wanangu wamo katika hukumu ile. Kila mara huniambia habari za yule mtu, nimsamehe, nimwachie. Hakuna anayeniambia habari zao.

Sijasema nimemaliza. Nitaendelea kumuuliza Mungu. Yule akija mlangoni nitamuuliza kwanza kama anayakumbuka majina yao.

#13 Mwinjilisti wa Buhigwe

Mama, uliza, wala asikuzuie mtu.

Ndugu mleta uzi, kuhusu unyakuo na dhiki kuu bado hatujakubaliana, na nitaendelea kuonya. Lakini tuna mkutano kiangazi hiki na somo la siku za mwisho nimepangiwa mimi. Nitaanzia Ufunuo 6:10, nikitoka hapo nishike Luka 3, askari na watoza ushuru. Kuna wafanyabiashara wanaochangia mkutano ambao hawatafurahi, nimeshamwambia mwenyekiti wa maandalizi. Naomba mniombee, na mwenye mistari zaidi ya vipimo na ujira wa vibarua aniwekee hapa. Yakobo 5:4 ninayo tayari. Suala la jehanamu kati ya katekista na ndugu yetu Mwadventista, naomba lifunguliwe uzi wake, nami nitakuja.

#14 Katekista wa Kasulu

Kumbukumbu la Torati 24:14-15, ujira wa kibarua ulipwe kabla jua halijachwa, "asije akamlilia BWANA juu yako". Na Yeremia 22:13, ole wake ajengaye nyumba yake kwa uovu, amtumikishaye mwenzake pasipo ujira. Uzi wa jehanamu naufungua usiku huu.